Ukisanifu kumbukumbu ya pamoja, anza na kifo chake

Kazi yangu ni programu za video. Upande mmoja kuna mchakato unaosoma kamera, upande wa pili kuna mchakato unaobana picha kabla hazijapelekwa mtandaoni. Fremu moja ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli ikichukua baiti 2, ni baiti 4,147,200. Fremu 30 kwa sekunde ni zaidi ya megabaiti 124 kila sekunde. Ukizipitisha kwenye paipu ya kawaida, kila baiti inanakiliwa mara mbili: inaingia kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, halafu inatoka. Kumbukumbu ya pamoja inaondoa kazi hiyo, kwa sababu michakato yote miwili inatazama kurasa zilezile za RAM.

Huwa nawaelekeza vijana wanaoandika kerneli ndogo za kujifunzia, na sehemu hii huwafurahisha upesi. Wanaweka ukurasa mmoja kwenye majedwali mawili ya kurasa (jedwali hili huonyesha anwani za mchakato ziko wapi kwenye RAM), mchakato wa kwanza unaandika, wa pili unasoma, na kazi inaonekana imekwisha. Hapo ndipo ninapowaomba tukae chini tuzungumze, maana jedwali la kurasa ndiyo sehemu nyepesi. Kinachodumu ni kiolesura: miito ya mfumo (njia za programu kuiomba kerneli kazi), kinachoahidiwa, kinachokatazwa. Watu wakishaandika programu juu yake, hukirudishi tena mezani. Miito ya System V, toleo la Unix la AT&T, ilitoka 1983 na bado imo ndani ya Linux ya leo.

Itakufa lini, na nani atakuwa hai kuizika?

Kabla ya kuandika wito wa kuunda, jibu hili kwenye karatasi: kipande hiki cha kumbukumbu kitaondolewa na nani, na huyo anayetakiwa kukiondoa akiuawa ghafla, itakuwaje?

System V ililijibu swali hili vibaya. Unaita `shmget` ukiwa na ufunguo, ambao ni namba tu; unapewa kitambulisho; unapachika kwa `shmat`, yaani unakiweka kwenye anwani za mchakato wako, unabandua kwa `shmdt`. Kipande chenyewe kinabaki ndani ya kerneli mpaka mtu aite `shmctl` na `IPC_RMID`, au mashine izimwe. Ingia kwenye seva yenye programu za zamani za aina hiyo, andika `ipcs -m`, kisha tazama safu ya nattch, yaani idadi ya waliokipachika. Nimewahi kukabidhiwa mashine ambayo orodha hiyo ilijaza skrini, mstari baada ya mstari nattch ikiwa 0. RAM imeshikwa, hakuna mchakato hata mmoja unaoitumia, na programu zilizoiomba zilikwishakufa kitambo. Kwa kutazama tu huwezi kujua kipi ni takataka na kipi kinasubiriwa na programu itakayoamka usiku. Ipo `ipcrm` ya kufutia, lakini anayeitumia katika hali hiyo anabahatisha.

POSIX, kiwango cha pamoja cha mifumo ya aina ya Unix, ilisogea mbele hatua moja. `shm_open` inakurudishia kishikio cha faili (namba inayowakilisha kitu ulichofungua), kilekile unachokijua kwenye faili za kawaida, na unapachika kwa `mmap`. Ila bado kuna jina. Kwenye Linux utaliona chini ya `/dev/shm`. Programu ikiuawa kabla haijaita `shm_unlink`, jina linabaki, na RAM inabaki nalo.

Jibu ninalolikubali lilikuja na Linux 3.17, Oktoba 2014, kwa jina la `memfd_create`. Unapewa kishikio cha kumbukumbu isiyo na jina lolote kwenye mfumo wa faili. Maandishi unayoipa ni ya utambuzi tu. Utayaona ukisoma `/proc/PID/maps`, lakini hakuna mchakato unaoweza kuifungua kwa kuyataja. Kipande kinaishi maadamu kuna kishikio kilichofunguliwa au mahali kilipopachikwa. Cha mwisho kikiondoka, RAM inarudi. Kwa kuwa kerneli hufunga vishikio vyote vya mchakato unaokufa, hata uliouawa kwa `kill -9`, hakuna anayehitaji kukumbuka kufagia.

Basi kanuni yako ya kwanza iwe hiyo: uhai uhesabiwe na kerneli kwa vishikio na upachikaji, na usitegemee adabu ya programu. Usisahau pia vishikio vilivyo njiani ndani ya soketi (mfereji wa kutumiana ujumbe, unaoweza kubeba hata vishikio), vilivyotumwa lakini havijapokewa. Hivyo navyo vinashika kumbukumbu, na soketi zinaweza kutumiana zenyewe kwa zenyewe zikafanya mduara usio na mwenyewe. Linux imelazimika kuwa na mfagiaji maalumu wa mizunguko hiyo kwenye soketi za Unix. Ukiruhusu vishikio kutumwa, mpangie mfagiaji wako tangu mwanzo.

Lakini usidharau kila kitu cha System V. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ilipofika toleo la 9.3 mwaka 2013, ilihamishia kumbukumbu yake kubwa kwenye `mmap`, ikaacha kipande kidogo tu cha System V. Ilikiacha kwa ajili ya ile nattch. Seva inapowashwa inataka kujua kama kuna mchakato wa zamani ambao bado unagusa hifadhidata ileile, na namba ya mchakato iliyoandikwa kwenye faili haitoshi kuwa ushahidi. Kerneli inayojibu "bado wapo wangapi?" inatosha. Mimi ningeweka swali hilo kwenye kiolesura chochote kipya.

Toa kishikio, usitoe jina

Jina ni la kila mtu. Yeyote anayelijua anaweza kulijaribu, na mwenye nia mbaya anaweza kuwahi kuliunda kabla yako. Ufunguo wa System V ni mbaya zaidi. Watu wengi huutengeneza kwa `ftok`, ambayo huchukua biti 16 za chini za namba ya inodi (namba ya faili kwenye diski), biti 8 za kifaa na biti 8 za namba uliyochagua mwenyewe. Faili mbili tofauti zinaweza kabisa kutoa ufunguo mmoja, na programu mbili zisizofahamiana zikajikuta zinaandikiana.

Kishikio ni tofauti: anacho aliyepewa, basi. Kwenye Unix unakituma kupitia soketi kwa ujumbe wa `SCM_RIGHTS`. Kwenye Windows unaunda kwa `CreateFileMapping` na kumpa mwenzako nakala kwa `DuplicateHandle`. Wayland, itifaki ya madirisha kwenye Linux, inafanya kazi hivyo: programu inachora kwenye kumbukumbu yake, inatuma kishikio kwa mtunza skrini, yaani programu inayounganisha madirisha yote, naye anasoma hapohapo.

Sasa swali la haki. Mchakato wa kamera unaandika. Wa kubana unatakiwa kusoma tu. Kwenye Linux, ukituma kishikio cha memfd kama kilivyo, umempa mwenzako haki ya kuandika pia. Ukikifungua upya kwa kusoma tu kupitia `/proc/self/fd`, naye anaweza kukifungua upya kwa kuandika kwa njia ileile endapo ruhusa za faili zinamkubali. Ndiyo sababu Linux 5.1, mwaka 2019, iliongeza `F_SEAL_FUTURE_WRITE`: aliyekwishapachika kwa kuandika anaendelea, lakini hakuna mwingine atakayeweza kuanza. Inafanya kazi, ila ni kiraka kilichokuja baadaye. Fuchsia, mfumo wa uendeshaji wa Google, ilipanga vizuri zaidi tangu mwanzo, kwani kila kishikio kina orodha yake ya haki na unaweza kutengeneza nakala yenye haki pungufu, isiyoweza kuziongeza tena. Ukiwa na nafasi ya kuanza upya, fuata njia hiyo.

Ukubwa

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo programu nyingi nzuri zinapoangushwa na programu mbaya.

Tuseme umepokea kishikio, umepachika baiti 4,147,200, unasoma. Katikati ya kusoma, mwenzako anaita `ftruncate` na kukata kipande kiwe baiti 0. Kurasa ulizokuwa unazitazama hazipo tena. Kerneli haina cha kukupa, inakutumia ishara ya `SIGBUS`, na usipokuwa umejiandaa unakufa. Umepanga chumba, na mwenye nyumba ana haki ya kukibomoa ukiwa umelala ndani. Kwa mtunza skrini maana yake ni kwamba programu moja ya hovyo inaweza kuzima madirisha ya kila mtu.

memfd ilikuja na lakiri kwa ajili ya hili. `F_SEAL_SHRINK` inazuia kukatwa, `F_SEAL_GROW` inazuia kurefushwa, `F_SEAL_WRITE` inazuia kuandika, na `F_SEAL_SEAL` inazuia lakiri nyingine kuongezwa. Ikishapigwa, haibanduki. Mtumaji anaunda kwa `MFD_CLOEXEC | MFD_ALLOW_SEALING`, anaweka ukubwa, anapachika, anapiga lakiri za ukubwa, kisha anatuma. Mpokeaji, kabla ya kupachika, anauliza kwa `F_GET_SEALS`, na akikuta lakiri ya kutokatwa haipo anakataa. Angalizo: `F_SEAL_WRITE` inagoma kwa `EBUSY` ikiwa bado kuna mahali kipande kilipopachikwa kwa kuandika, kwa hiyo bandua kwanza.

Katika kiolesura kipya ningelimaliza jambo hili mapema: ukubwa unawekwa wakati wa kuunda na haubadiliki. Anayetaka kikubwa zaidi aunde kingine na kutuma kishikio kipya.

Kuna njia ya pili ya kupata `SIGBUS` ambayo wengi hawaitarajii. `ftruncate` huweka ukubwa bila kushika RAM. Kurasa zinatafutwa pale zinapoguswa. Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena zilizotengwa, huipa kila kontena `/dev/shm` ya megabaiti 64 usipobadilisha kwa `--shm-size`. Unaomba megabaiti 100, unakubaliwa, unaanza kuandika, na ukivuka 64 unauawa katikati ya mstari wa kawaida wa kuweka thamani. Chrome ndani ya kontena imewatesa watu wengi kwa sababu hii. Kosa la kukosa nafasi linatakiwa lirudi kwenye wito wa kuunda, ambapo programu inaweza kulishughulikia. Kwenye Linux ya leo ita `posix_fallocate` mara tu baada ya kuunda. Kwenye kerneli yako, shika kurasa palepale, au uwe na bendera (biti ya kuchagua tabia) ya kuomba hivyo.

Na kurasa zenyewe. Fremu yangu kwenye kurasa za baiti 4096 ni kurasa 1012 na nusu, kwa hiyo kerneli inatoa 1013. Kwenye mashine za kurasa za kilobaiti 16, kama za Apple Silicon, ni kurasa 254. Usiandike 4096 popote kwenye kiolesura. Mrudishie mwombaji ukubwa aliopewa kweli. Mabaki ya ukurasa wa mwisho yajazwe sifuri, kama kurasa zote nyingine, ili data za mchakato uliopita zisivuje.

Anwani

Usiahidi kwamba kipande kitakaa anwani moja kwenye michakato yote. Leo anwani huchanganywa makusudi kwa ajili ya usalama, na kulazimisha ni hatari: `MAP_FIXED` ikikuta kitu mahali hapo inakifuta kimyakimya na kukaa juu yake. Linux 4.17, mwaka 2018, ilileta `MAP_FIXED_NOREPLACE`, ambayo inakataa badala ya kufuta. Tabia hiyo ndiyo iwe ya kawaida kwako.

Kwa hiyo ndani ya kumbukumbu ya pamoja hakuna pointa. Weka umbali kutoka mwanzo wa kipande, kila upande ujumlishe na anwani yake. io_uring, njia ya kuiomba kerneli kusoma na kuandika, iliyoingia Linux 5.1, ni mfano mzuri wa kusoma. Programu na kerneli zinashiriki pete za maombi na majibu. Kerneli inapoziunda, inakujazia jedwali linalosema kichwa cha pete kiko umbali gani, mkia uko umbali gani. Programu haikisii mpangilio, inausoma. Hivyo kerneli inaweza kusogeza sehemu baadaye bila kuvunja programu za zamani.

Bendera

`mmap` ilipozaliwa haikukataa bendera isiyoijua, iliipuuza tu. Matokeo yake, Linux ilipotaka kuongeza `MAP_SYNC`, programu haikuwa na namna ya kujua kama kerneli imeielewa au imeipita. Ikabidi iundwe aina mpya ya upachikaji, `MAP_SHARED_VALIDATE`, kwenye toleo la 4.15 mwaka 2018, ambayo kazi yake ni kukataa bendera isiyojulikana. `openat2` ya 2020 ilijifunza: inapokea muundo pamoja na ukubwa wake. Muundo wako ukiwa mfupi kuliko wa kerneli, sehemu iliyokosekana inahesabiwa sifuri; ukiwa mrefu na baiti za ziada si sifuri, unapata `E2BIG`. Iga hivyohivyo.

Tukiviweka vyote pamoja, hivi ndivyo ninavyowachorea vijana:

```
struct kp_ombi {
    uint64_t ukubwa;   /* baiti, haubadiliki tena */
    uint64_t bendera;  /* biti isiyojulikana: EINVAL */
    uint64_t haki;     /* kusoma, kuandika, kutuma */
    uint64_t jina;     /* la utambuzi tu */
};

int   kp_unda(struct kp_ombi *o, size_t ukubwa_wa_o);
int   kp_punguza(int kishikio, uint64_t haki_zibakizo);
int   kp_wangapi(int kishikio);
void *kp_pachika(int kishikio, uint64_t mwanzo,
                 uint64_t urefu, uint64_t bendera);
int   kp_bandua(void *anwani, uint64_t urefu);
int   kp_subiri(int kishikio, uint64_t mahali,
                uint32_t nilichokiona, uint64_t mwisho);
int   kp_amsha(int kishikio, uint64_t mahali,
               uint32_t wangapi);
```

`kp_unda` inaandika ukubwa halisi ndani ya `o`. Kishikio kinafungwa chenyewe wakati wa `exec`, yaani mchakato unapogeuka programu nyingine, na asiyetaka hivyo aseme kwa bendera. Haki ya kutekeleza msimbo haipo kabisa kwenye orodha; anayeihitaji apite mlango mwingine wenye ulinzi wake.

Kusubiriana

Kumbukumbu bila njia ya kuamshana itawafanya watu wazunguke kwenye kitanzi wakichoma CPU. Linux ina futeksi tangu toleo la 2.6 la 2003, na wazo lake ni zuri: kufuli ni namba ya biti 32 ndani ya kumbukumbu yenyewe, pasipo ugomvi hakuna anayeiita kerneli, penye ugomvi unaiambia kerneli "nilaze, kama namba hii bado ni ileile niliyoiona". Ule ukaguzi wa mwisho, unaofanywa na kerneli kwa mkupuo mmoja na kulala, ndio unaozuia kuamshwa kupotea hewani.

Kwa michakato tofauti, kerneli haiwezi kutambua futeksi kwa anwani, kwa kuwa kila mmoja ana anwani yake. Inabidi itambue kwa kipande na mahali ndani ya kipande. Ndiyo maana `kp_subiri` inapokea kishikio na umbali. Na ukiwa kwenye Linux, usitumie `FUTEX_PRIVATE_FLAG` hapa. Hiyo ni kwa nyuzi za mchakato mmoja, na mwenzako hataamka kamwe.

Mwenye kufuli akifa nalo mkononi, wengine wasilale milele. Kufuli za pthread, maktaba ya nyuzi ya POSIX, zilizowekwa `PTHREAD_PROCESS_SHARED` na `PTHREAD_MUTEX_ROBUST` zinampa anayefuata kufuli pamoja na jibu la `EOWNERDEAD`: umelipata, ila data huenda imeachwa nusu. Anatengeneza, anaita `pthread_mutex_consistent`, anaendelea. Usiifiche hali hii kwa kumpa kufuli kama vile hakuna kilichotokea.

Usimwamini wa upande wa pili

Kiolesura hakiwezi kukulinda na hili, kwa hiyo liandike kwenye maelezo yake kwa herufi kubwa. Mwenzako anaweza kubadilisha data kati ya kukagua kwako na kutumia kwako. Msimbo huu unaonekana salama:

```
if (kichwa->urefu <= UKUBWA_WA_BAFA)
    memcpy(bafa, data, kichwa->urefu);
```

`urefu` umesomwa mara mbili. Ukaguzi ukiona 100, unakili unaweza kukuta milioni. Soma mara moja, kwa atomiki (usomaji usiogawanyika) ili kikompaila kisiamue kusoma tena, kisha kagua nakala na utumie nakala hiyohiyo:

```
uint32_t n = atomic_load(&kichwa->urefu);
if (n > UKUBWA_WA_BAFA)
    return -1;
memcpy(bafa, data, n);
```

Hata hivyo yaliyomo ndani ya `data` bado yanaweza kubadilika unaponakili. Kwa picha ya video hiyo ni doa kwenye skrini. Kwa kitu kitakachochanganuliwa, kama vichwa vya ujumbe au amri, nakili kwanza, changanua nakala.

Kuhusu kasi, jambo moja tu: namba anayoandika mtumaji na namba anayoandika mpokeaji zisikae mstari mmoja wa kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa. Kwenye prosesa nyingi za x86 mstari ni baiti 64. Zitenganishe, la sivyo viini viwili vitanyang'anyana mstari huo kila fremu.

Jaribu kwa kuua

Andika jaribio lenye mtumaji na mpokeaji, na sehemu za kusimama baada ya kila hatua: baada ya kuunda, baada ya kupachika, kishikio kikiwa njiani kwenye soketi, kufuli likiwa limeshikwa. Katika kila kituo ua upande mmoja kwa `kill -9`, kisha wa pili. Kwenye mzunguko mwingine geuza mpangilio. Kwenye Linux soma mstari wa `Shmem` ndani ya `/proc/meminfo` kabla na baada, mashine ikiwa haina shughuli nyingine. Kwenye kerneli yako hesabu kurasa huru. Angalia pia `Pss` ndani ya `/proc/PID/smaps`, inayogawa kila ukurasa kwa wanaoushiriki. Ukitazama RSS (RAM yote anayoigusa mchakato, hata ya kushiriki) peke yake utadhani fremu moja inaliwa mara mbili. Na ikiwa michakato iko kwenye kontena tofauti, fahamu kwamba cgroup, sehemu ya kerneli inayohesabu matumizi ya kila kontena, humwandikia ukurasa aliyeugusa kwanza, kwa hiyo mtumaji ndiye ajaze sifuri kabla ya kutuma, ili gharama ikae kwake.

Kurasa zisiporudi kwenye kituo fulani, usianze kwa kurekebisha msimbo. Rudi kwenye ile karatasi ya kwanza, utafute ni nani bado anahesabiwa kuwa ameshika.